Mzunguko Mkononi: Usanidi na Utunzaji wa Programu ya Saa za Wakimbiaji na Suala la Istilahi za Kiswahili

Utangulizi

Jioni ya tarehe 9 Agosti 2012, katika fainali ya mbio za mita 800 za Michezo ya Olimpiki jijini London, David Rudisha alipita kwenye mstari kwa mara ya kwanza akiwa ametumia sekunde 49.28. Kengele ikalia. Mzunguko wa pili ulimchukua sekunde 51.63, na jumla ikawa dakika 1 na sekunde 40.91, rekodi mpya ya dunia. Anayezisoma takwimu hizi mbili anajua jambo ambalo jumla pekee haiwezi kumwambia, yaani kwamba nusu ya pili ilikuwa nzito kuliko ya kwanza kwa zaidi ya sekunde mbili, hata kwa mtu aliyekuwa akiandika historia. Mbio hugawanywa ili zieleweke, na kipimo cha kuzigawa uwanjani ni mzunguko.

Kule London kazi hiyo ilifanywa na mitambo ya waamuzi. Mkimbiaji anayefanya mazoezi alfajiri kwenye uwanja wa murramu huko Uasin Gishu au Elgeyo-Marakwet huifanya kwa saa aliyoivaa mkononi, au kwa sauti ya mwenzake aliye na saa. Makala haya yanachunguza jinsi programu ya kuhesabu mizunguko inavyosanidiwa na kutunzwa ndani ya saa za michezo. Saa za Garmin zimechukuliwa kama mfano kwa kuwa kampuni hiyo, tangu 2015, imewaruhusu wasanidi wa nje kuziandikia saa zake programu kupitia mfumo uitwao Connect IQ na lugha ya msimbo iitwayo Monkey C. Dai la makala ni kwamba sehemu kubwa ya ugumu wa kazi hii ni ya kiisimu, na kwamba istilahi za Kiswahili hujaribiwa vikali zaidi kwenye mkono unaotoa jasho kuliko kwenye orodha zinazochapishwa.

Huenda msomaji akajiuliza mwanafunzi wa Kiswahili anatafuta nini katika saa ya mkimbiaji. Jibu ni jepesi. Kenya imejulikana duniani kwa mbio kuliko kwa jambo lingine lolote la michezo, ilhali chombo ambacho mkimbiaji wake hukitazama mara nyingi zaidi wakati wa kazi yake hakimwambii neno hata moja kwa lugha ya taifa lake.

Mzunguko ni nini?

Katika uwanja rasmi wa riadha swali hili halina utata. Njia ya kwanza, ile ya ndani kabisa, ina urefu wa mita 400, ukipimwa sentimita 30 kutoka kwenye ukingo wa ndani. Kona zake mbili zina nusu-kipenyo cha mita 36.50, na kila upande ulionyooka una mita 84.39. Mwenye kalamu anaweza kuhakikisha mwenyewe kwamba hesabu inafika 400 kamili. Njia ya pili huwa na mita 407.04, na ya nane mita 453.03. Ndiyo maana wakimbiaji wa mita 400 hawaanzi wakiwa wamepangwa mstari mmoja.

Saa, hata hivyo, haiujui uwanja. Inachokijua ni vitu vitatu: muda uliopita, umbali inaodhani umekimbiwa, na mahali inapodhani ipo. Kutokana na hivyo, msanidi anaweza kuufafanua mzunguko kwa njia tatu zisizolingana. Mzunguko unaweza kuwa tendo la kubonyeza kitufe: mkimbiaji akibonyeza, mmoja umekwisha na mwingine umeanza. Unaweza kuwa umbali: kila mita 400 au kila kilomita 1 saa hutetema yenyewe. Au unaweza kuwa marejeo, yaani mkimbiaji anaporudi mahali alipoanzia. Fasili hizi tatu hutoa majibu tofauti kwa mazoezi yale yale. Anayekimbia kwenye njia ya nane, huku saa yake ikihesabu kila mita 400, ataarifiwa kuwa amemaliza mzunguko akiwa bado na mita 53 mbele yake.

Hapa ndipo istilahi inapoingia. Saa nyingi huandika “Lap” kwa fasili zote tatu, hata mkimbiaji anapokuwa katika marathoni ya barabara inayokwenda moja kwa moja bila kurudi ilikotoka. Mtu anaweza kupinga kwamba kuiita kilomita ya 12 ya njia iliyonyooka “mzunguko wa 12” ni kuulazimisha ukweli. Pingamizi hilo lina uzito, lakini lugha nyingine zimekwisha kulipuuza. Kifaransa hutumia neno “tour”, Kihispania “vuelta”, Kijerumani “Runde”, na Kifini “kierros”. Yote yana maana ya kuzunguka. Hata neno la Kiingereza lilitokana na kitenzi cha kukunja au kuviringisha kitu kukizunguka kingine. Upanuzi wa maana ni mbinu halali ya kuunda istilahi, na Kiongozi cha Uundaji wa Istilahi za Kiswahili (TUKI, 1992) ni miongoni mwa vitabu vilivyowafunza wengi njia hizo.

Washindani wa mzunguko ni wachache nao wote wana kazi nyingine. Duru imekwisha kuchukuliwa na mashindano yanayofuatana: watangazaji husema duru ya Diamond League na duru ya Safari Rally. Raundi ni ya mabondia. Mkondo, katika soka, ni mechi ya kwanza au ya marudiano. Kipande kingefaa sana barabarani, ila uwanjani kinapoteza picha ya kurudi pale pale, picha ambayo ndiyo kiini cha mbio za uwanjani. Mzunguko wenyewe hauko huru kabisa, kwa maana hutumika kwa awamu za ligi na kwa mzunguko wa damu, lakini hakuna mkimbiaji atakayedhani saa yake inazungumzia ligi.

Setilaiti na uwanja wa murramu

Fasili ya tatu, ile ya marejeo, ndiyo inayomfaa zaidi mkimbiaji wa kijijini, kwa sababu uwanja wa shule uliochorwa kwa chokaa au majivu hauna ahadi ya mita 400. Unaweza kuwa na 380 au 415. Jambo la maana ni kwamba unarudi ulikotoka, na kwamba mzunguko wa leo unaweza kulinganishwa na wa Jumanne iliyopita. Kwa bahati mbaya fasili hiyo ndiyo ngumu zaidi kuiandikia msimbo, nayo inastahili kuelezwa kwa utulivu.

Saa hujua mahali ilipo kwa kupokea mawimbi ya setilaiti za GPS, zinazozunguka dunia kwenye kimo cha kilomita 20,200 hivi, na huhitaji angalau setilaiti nne kwa wakati mmoja. Hadi mwanzoni mwa Mei 2000 serikali ya Marekani iliyapotosha makusudi mawimbi yanayotumiwa na raia. Upotoshaji huo ulipoondolewa, saa ya mkimbiaji ikawezekana kweli, na mwaka 2003 Forerunner za kwanza zikaingia sokoni. Hata leo, chini ya anga wazi, kosa la mita tatu, nne au tano ni jambo la kawaida.

Chukua sasa mkimbiaji anayekimbia kilomita moja kwa dakika 2 na sekunde 50. Kila sekunde anakwenda karibu mita sita. Saa huiita programu mara moja kwa sekunde na kuikabidhi mahali mapya. Iwapo msanidi ataandika kwamba mzunguko unakwisha mkimbiaji anapofika umbali wa mita mbili kutoka mwanzo, upo uwezekano mkubwa kwamba sekunde moja atakuwa mita tatu kabla ya mstari na sekunde inayofuata atakuwa mita tatu baada yake, na mzunguko mzima utapita bila kuhesabiwa. Akiupanua mpaka hadi mita 20, mzunguko utahesabiwa mapema, na pengine mara mbili. Wala hawezi kuupanua apendavyo, kwa kuwa upande wa pili wa uwanja uko umbali wa mita 73 tu.

Suluhisho linalotumika ni kuigawa kazi hatua kwa hatua. Kwanza programu husubiri mkimbiaji aondoke, yaani awe mbali na mwanzo kwa kiasi cha kutosha, tuseme mita 60. Kabla ya hapo haihesabu chochote. Anaporudi na kuingia ndani ya eneo la mita 20 au 25, haitangazi papo hapo, bali huanza kupima: umbali wake kutoka mwanzo unapungua, unapungua, kisha unaanza kuongezeka. Pale ulipokuwa mdogo kuliko kote ndipo alipopita mstari. Kwa kuwa hatua hiyo iko mahali fulani kati ya vipimo viwili, programu hukadiria sehemu ya sekunde kwa uwiano. Bila makadirio hayo, kosa la karibu sekunde nzima lingeweza kuingia katika mzunguko wa sekunde 68, na kwa mwanariadha sekunde moja ni tofauti kati ya zoezi lililofaulu na lililoharibika.

Kuna mtego mwingine wenye mvuto wa kijiografia. Umbali kati ya mahali pawili hupatikana kutokana na tofauti za latitudo na longitudo. Digrii moja ya latitudo ni kama kilomita 111 popote duniani. Digrii moja ya longitudo ni hivyo hivyo kwenye ikweta tu. Kadiri unavyoelekea kwenye ncha za dunia ndivyo inavyofupika, na katika latitudo ya digrii 60, palipo Helsinki, inabaki nusu. Eldoret iko karibu nusu digrii kaskazini mwa ikweta. Kwa hivyo msanidi wa Eldoret anaweza kusahau kabisa kufanya sahihisho hilo, akaijaribu programu yake kila asubuhi kwa mwaka mzima, isimwonyeshe dalili yoyote ya kasoro. Siku Mfini wa kwanza atakapoipakua, kila mita yake ya kwenda mashariki au magharibi itahesabiwa kuwa mbili. Ikweta imeuficha uzembe wa msanidi.

Barabarani hali ni tofauti kidogo. Njia za marathoni hupimwa kwa baiskeli, kwa kufuata mkondo mfupi zaidi unaoweza kukimbiwa, kisha huongezwa sehemu moja kwa elfu ili zisije zikawa fupi. Hiyo ni takriban mita 42 katika marathoni nzima. Mkimbiaji hawezi kuufuata mkondo huo kikamilifu, na saa yake nayo huongeza makosa yake. Matokeo ni kwamba saa hutetema kabla hajafika kwenye kibao cha kilomita, na pengo hilo hukua hadi kufikia kilomita ya 30 likawa la kuudhi. Programu nzuri humruhusu abonyeze kitufe kibaoni, halafu ikausahihisha umbali hadi kilomita kamili iliyo karibu. Wengi huona huo ndio msaada mkubwa kuliko michoro yote ya rangi.

Kasi, mwendo na utata wa kushuka

Neno gumu kuliko mzunguko ni lile linalotaja dakika zinazotumika kwa kila kilomita. Katika fizikia kasi ni umbali kwa muda: ikiongezeka, nambari inaongezeka. Wakimbiaji hupima kinyume, muda kwa umbali. Anayetoka dakika 4:00 kwa kilomita na kufikia 3:30 ameongeza kasi, ilhali nambari iliyo mkononi mwake imepungua. Programu ikiandika “kasi imeshuka”, mkimbiaji ataelewa nini? Kwamba nambari imeshuka, na hivyo anakwenda vizuri, au kwamba amelegea? Utata huu si wa darasani. Anayefanya zoezi la mizunguko kumi na mbili ya mita 400 huitazama saa kwa sekunde moja, pumzi ikiwa juu, kisha hutenda. Akielewa kinyume, ataharakisha pale alipotakiwa kutulia, na mizunguko ya mwisho itamshinda.

Ukopaji wa moja kwa moja ungetupa “pesi”, neno ambalo sikio lenye haraka lingelisikia kama pesa. Mwendokasi ulikuwa mteule mzuri kwa sababu ya uangavu wake, lakini tangu mabasi yaendayo haraka yalipoanza kazi Dar es Salaam mwaka 2016, wakazi wa jiji hilo wamelichukua neno hilo na kuliita basi. Istilahi haina mlinzi mlangoni. Pendekezo linalotetewa hapa ni kuiachia kasi maana yake ya kifizikia, na kuupa mwendo maana ya muda kwa kila kilomita: mwendo wa 3:30, mwendo wa 2:50. Neno ni fupi, linafahamika, na tayari lina uhusiano na miguu.

Muhimu zaidi ni vitenzi. Ongeza, punguza, panda na shuka vyote vinaishikilia nambari, nayo nambari ndiyo inayopotosha. Kiswahili kina usemi ambao haujali nambari hata kidogo: kaza mwendo, na kinyume chake, legeza mwendo. Mkimbiaji anayesoma KAZA kwenye saa hahitaji kupiga hesabu. Katika kanuni za uundaji wa istilahi zinazojulikana kwa kifupisho cha PEGITOSCA, zinazohusishwa na Kiingi, usahihi, iktisadi na uangavu huorodheshwa kama mahitaji yanayovutana. Hapa neno moja la silabi mbili limeyatosheleza yote kwa pamoja, na lilikuwapo kabla ya saa yenyewe.

Neno saa nalo lina vituko vyake. Kiswahili hukitumia kitamkwa hicho kwa chombo, kwa kipimo cha dakika sitini, na kwa wakati wa siku. “Saa yako inaonyesha saa moja” ina tafsiri zaidi ya moja, na mojawapo ni kwamba jua limechomoza muda si mrefu. Msanidi anayetaka kuonyesha muda wa mbio kama 1:02:30 afadhali aandike “muda” juu yake kuliko “saa”. Na katika muda pia atofautishe aina mbili ambazo saa hizi huzihifadhi mbalimbali: muda uliopita tangu kuanza, na muda wa kukimbia, usiohesabu kusimama. Aliyesimama kunywa maji kwa dakika mbili atajua tofauti yake.

Ngeli ndani ya msimbo

Msanidi aliyezoea Kiingereza huunda ujumbe kwa kuunganisha vipande: nambari, nafasi, jina, na herufi ya wingi mwishoni kama nambari inazidi moja. Kiswahili hakiweki wingi mwishoni. Mzunguko huwa mizunguko, na badiliko liko mwanzoni mwa neno, mahali ambapo msimbo haukutazamia. Tatizo hili linatibika kwa urahisi, kwani kanuni za kimataifa za lugha za kompyuta, ziitwazo CLDR, zinaitambulisha Kiswahili kuwa lugha yenye hali mbili za idadi, moja na nyinginezo. Kilicho kigumu zaidi ni upatanisho wa kisarufi.

Tuseme msanidi ameweka mahali pamoja neno la kueleza kukamilika, alitumie kwa kila kitu. Kwa Kiingereza linatosha. Kwa Kiswahili mzunguko umekamilika, mizunguko imekamilika, kipande kimekamilika, vipande vimekamilika, mazoezi yamekamilika. Neno moja limekuwa matano, na hakuna hila ya msimbo itakayoliokoa isipokuwa kumfundisha mashine ngeli zote. Njia ya busara ni kuacha kuunganisha vipande na kuandika kila ujumbe ukiwa sentensi kamili. Wanafunzi wanaolalamika kwamba ngeli hazina matumizi nje ya mtihani wangefaidika kuyaona hayo yakitokea.

Sentensi kamili zina gharama yake. Baadhi ya saa za mwanzo za mfumo huu ziliipa programu ndogo ya kuonyesha data vilobaiti 16 tu vya kumbukumbu, kwa msimbo, vigezo na maneno kwa jumla. Maandishi ya makala haya peke yake yangekaribia kuijaza nafasi hiyo. Upana wa kiwambo nao ni mchache: “imekamilika” ina herufi kumi na moja, na kwa maandishi makubwa yanayosomeka mtu akikimbia, herufi kumi na moja hujaza kiwambo kizima. Faraja ni kwamba alfabeti yetu haina alama za ziada juu wala chini ya herufi, kwa hivyo hakuna saa isiyoweza kuionyesha.

Utunzaji

Kuna uamuzi wa mwanzo ambao humfuata msanidi miaka yote. Katika Connect IQ anaweza kuandika kidirisha cha data kinachoishi ndani ya zoezi la saa yenyewe, au programu kamili inayoendesha zoezi lake. Kidirisha ni chepesi, na hupashwa habari mkimbiaji anapobonyeza kitufe cha mzunguko, lakini hakina mamlaka ya kuanzisha mzunguko chenyewe. Programu kamili inayo mamlaka hayo, ila inabeba mzigo wote wa kurekodi, kusitisha na kuhifadhi. Programu ya mzunguko wa marejeo iliyoelezwa hapo juu lazima iwe ya aina ya pili ikiwa inataka mizunguko yake ihifadhiwe katika rekodi ya zoezi, na kwa hiyo matunzo yake ni mazito zaidi.

Kila saa mpya inapotoka, jina lake halina budi kuongezwa katika faili inayoorodhesha vifaa vinavyotambuliwa, la sivyo mwenye saa hiyo hataipata programu. Nyingine zina kiwambo cha duara, nyingine duara lililokatwa juu na chini, nyingine mraba. Baadhi zina vitufe vitano na baadhi hutegemea kuguswa kiwambo, jambo baya sana kwa kidole chenye jasho. Ujumbe wa watumiaji nao huja mfupi na mkali: haihesabu, imekufa, rudisheni ya zamani. Msanidi hana budi kuuliza ni saa gani, toleo gani, uwanja gani, na mara nyingi hajibiwi. Pengine kasoro ni yake. Pengine mtumiaji alianza kukimbia kabla ya saa kupata setilaiti, na mahali pa kuanzia pakahifadhiwa ng’ambo ya barabara.

Wakati mwingine badiliko hutoka mbali kabisa na msanidi. GPS huhesabu majuma kwa nambari isiyozidi 1,024, kisha huanza tena sifuri. Ilitokea Agosti 1999 na tena Aprili 2019, na vifaa ambavyo programu zake hazikuwa zimetunzwa vilirudi nyuma karibu miaka ishirini kwa usiku mmoja. Hata setilaiti zina mizunguko ya kuhesabiwa. Kampuni nazo hufa: Pebble, iliyoanza kwa michango ya umma mwaka 2012, ilifunga shughuli zake mwishoni mwa 2016, na mitambo iliyoziwezesha saa zake kupata programu ikazimwa mwaka 2018. Programu hizo zilinusurika kwa sababu watu wa kujitolea walizihifadhi na kuzijengea makao mengine.

Hali hii inapaswa kumgusa mwanaleksikografia. Istilahi zetu nyingi za teknolojia ziliundwa kwa bidii, zikachapishwa, na baada ya hapo hazikupewa mtu wa kupokea malalamiko. Kompyuta, tarakilishi na ngamizi bado zinakaa meza moja pasipo mwamuzi. Msanidi hana anasa hiyo. Akiandika duru katika toleo la kwanza na mzunguko katika la pili, atasikia kutoka kwa watumiaji siku iyo hiyo, na atalazimika ama kujitetea ama kurudi nyuma. Idara za Kiswahili zingeweza kabisa kuyatunza maneno ya programu kama hii, maneno yasiyozidi mia moja, kwa kuyajaribu pamoja na wakimbiaji wa timu za vyuo vyenyewe na kuyarekebisha kwa kila toleo.

Kizuizi kimoja cha kiufundi kinabaki. Connect IQ huweka maneno ya kila lugha katika kabrasha lake, na saa huchagua kabrasha kulingana na lugha iliyowekwa na mwenye saa. Kufikia 2024 orodha ya lugha hizo ilikuwa na Kifini, Kiestonia na Kilatvia, lakini Kiswahili hakimo. Hata hivyo kuna kabrasha la msingi, linalotumiwa pale ambapo lugha ya saa haikuandaliwa, na hakuna kinachomzuia msanidi kuliandika kwa Kiswahili. Akifanya hivyo tu na kuishia hapo, Mfaransa atakayeipakua programu hiyo ataambiwa akaze mwendo bila kujua ameambiwa nini. Akiongeza kabrasha la Kiingereza, Mkenya ambaye saa yake imewekwa kwa Kiingereza, na nyingi zimewekwa hivyo kwa kukosa chaguo, hatakiona Kiswahili kamwe. Inabidi lugha ichaguliwe ndani ya mipangilio ya programu yenyewe, nje ya utaratibu wa saa, kwa msimbo wa ziada ambao utapaswa kupenyezwa katika kumbukumbu ile ile finyu na kujaribiwa upya kila saa mpya inapotoka.